Sarufi iko sawa, lakini ripoti haisomeki

Swali: "Nafanya kazi katika ofisi ya ghala la korosho hapa Mtwara. Kila Ijumaa naandika ripoti fupi ya Kiingereza kwa wanunuzi walio nje ya nchi, na mara mbili tatu kwa wiki naongea nao kwa simu. Bosi anasema Kiingereza changu hakina makosa makubwa ila kinakatakata. Nilipewa orodha ndefu ya maneno kama 'moreover', 'however' na 'furthermore', nikaanza kuyaweka mwanzo wa kila sentensi. Sasa ananiambia ndiyo imezidi kuwa mbaya. Nakosea wapi? Na kwenye simu nifanyeje, maana huko hakuna muda wa kuchagua neno? Halafu, ni kweli hairuhusiwi kuanza sentensi na 'But'?"

Jibu: Ahsante ndugu yangu, hasa kwa kuambatisha kipande cha ripoti yenyewe. Bila hicho ningekujibu juu juu. Nakinakili hapa ili na wengine wafuate:

"Firstly, we received 40 tonnes from Newala. Moreover, it rained on Tuesday. Furthermore, the trucks were delayed in Tandahimba. However, drying was not completed. Therefore, the moisture was high. In addition, the buyer refused 6 tonnes. Lastly, we are drying them again."

Sentensi saba, maneno saba ya kuunganisha. Ukizisoma moja moja, zote ni safi. Shida ni kwamba msomaji wa ng'ambo anaamini kila neno uliloliweka. Akiona "moreover" anajiandaa kupokea hoja nyingine ya upande uleule: umesema mzigo umefika, basi utaongeza jambo linalotilia nguvu hilo. Anakutana na mvua. Akiona "however" anatarajia mambo yageuke, lakini korosho kutokauka hakupingani na chochote ulichosema kabla; ni matokeo ya mvua na magari kuchelewa. Iliyoharibu zaidi ni "in addition". Mnunuzi hakukataa tani 6 juu ya tatizo la unyevu, alizikataa kwa sababu ya unyevu. Ukimwandikia kwamba ni nyongeza, atadhani kuna kasoro ya pili ambayo umeificha, na simu yake ya Jumatatu itakuwa ya kuulizia hiyo.

Umechagua neno kabla ya kuamua uhusiano. Maneno haya hayaumbi uhusiano kati ya sentensi mbili. Yanautaja tu pale ulipo. Orodha uliyopewa, kama orodha nyingi za aina hiyo, imeyapanga kana kwamba "moreover", "furthermore" na "in addition" ni vikombe vya seti moja, uchukue chochote kilicho karibu. Ikunje uiweke kwenye droo kwa mwezi mmoja.

Ijumaa ijayo andika ripoti yote bila neno hata moja la kuunganisha. Itasomeka kama taarifa za mkato, usijali. Kisha kati ya sentensi na sentensi andika pembeni kwa penseli, kwa Kiswahili, uhusiano uliopo: kwa sababu hiyo, lakini, yaani, kwa mfano, baadaye, wakati huohuo, au hakuna. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko yote. Ukikuta "hakuna", huna cha kuunganisha. Ama sentensi hiyo imekaa pasipo pake, ama inatakiwa aya yake yenyewe, ama haihitajiki. Baada ya hapo ndipo utafute neno la Kiingereza, na pale ambapo maana inaonekana wazi bila neno, usiweke.

Kipande chako, baada ya kupitia njia hiyo, kinakuwa hivi:

"We received 40 tonnes from Newala. On Tuesday, however, rain held up the trucks in Tandahimba, so part of the load arrived wet and we could not finish drying it in time. Because the moisture was still high, the buyer refused 6 tonnes. We are now drying those 6 tonnes again."

Maneno saba yamebaki matatu: "however", "so" na "because". Kazi nyingine imefanywa na vitu visivyo kwenye orodha yoyote: "the load", "those 6 tonnes", "now". Nitarudi kwenye hivyo baadaye kidogo, kwa sababu ndivyo vinavyoleta mtiririko kuliko hata hayo maneno matatu.

Tazama kwanza mahali "however" ilipokaa. Haikuanza sentensi, imefuata "On Tuesday". Neno hili likikaa katikati, hulitilia mkazo lile lililotangulia. "On Tuesday, however" maana yake siku nyingine zilikwenda vizuri, Jumanne ndiyo iliyoharibu. Ungeandika "The trucks, however, were delayed", ungekuwa unayatofautisha magari na kitu kingine, labda treni au meli. Kuliweka mwanzoni si kosa, ila ukiliweka hapo kila mara unajinyima chombo kizuri.

Sasa makosa ya sarufi, maana nayo yapo na yana chanzo kinachojulikana. Maneno ya kuunganisha ya Kiingereza yana koo tatu, na kila ukoo una tabia yake. Chukua jambo moja, mvua ilinyesha na magari yakafika, ulione katika koo zote:

"Although it rained, the trucks arrived."
"It rained. However, the trucks arrived."
"Despite the rain, the trucks arrived."

Ukoo wa kwanza ni viunganishi kamili: "although", "because", "but", "so", "while", "whereas", "unless". Hivi vinafunga vishazi viwili ndani ya sentensi moja. Ukoo wa pili ni vielezi: "however", "therefore", "moreover", "consequently", "nevertheless", "as a result". Hivi havifungi chochote kisarufi. Vikianza sehemu ya pili, vinahitaji nukta au nukta mkato kabla yake na mkato baada yake; vikikaa katikati, kama "On Tuesday, however," ya hapo juu, vinazungukwa na mkato pande zote mbili. Kuandika "It rained, however the trucks arrived" kwa mkato mmoja ni kosa ambalo hata waandishi wa Uingereza wanalifanya, lakini kwenye ripoti ya kazi linaonekana. Ukoo wa tatu ni vihusishi: "despite", "in spite of", "because of", "due to", "instead of", "in addition to". Hivi vinafuatwa na nomino au kitenzi chenye "-ing", basi: "despite the rain", "despite arriving late". Usiandike "despite it rained", wala "despite of". Hiyo "of" ni ya "in spite of", watu huichanganya.

Ukijifunza neno jipya, usiishie kwenye maana yake. Jua ni la ukoo gani. Ndiyo maana nashauri uwe na maneno kumi na mawili unayoyamudu, si mia mbili unayoyatambua tu.

Kosa linalotuandama zaidi sisi linatoka kwenye Kiswahili chenyewe. Tunasema bila shida yoyote, "Ingawa mvua ilinyesha, lakini magari yalifika." Kiswahili kinakubali "ingawa" na "lakini" zikae pamoja. Kiingereza hakikubali: "Although it rained, but the trucks arrived" ina kiunganishi kimoja cha ziada. Ondoa kimojawapo, chochote. Ni hivyohivyo kwa "kwa sababu... ndiyo maana": tunaandika "Because the moisture was high, that is why the buyer refused", kumbe "because" peke yake ilishamaliza kazi.

Kwa upande wa usimuliaji, Kiswahili kimetuzoesha raha ambayo Kiingereza hakina. "Gari likafika, tukashusha magunia, tukapima, tukampa dereva stakabadhi." Ile "-ka-" inaunganisha matukio yenyewe kwa yenyewe, humo ndani ya kitenzi. Tukihamia Kiingereza hatuna pa kuiweka, basi tunaipachika kwa "and then": "The truck arrived and then we unloaded the bags and then we weighed them and then we gave the driver a receipt." Dawa ni kuacha tendo moja liwe mlango na mengine yaingie humo kwa kutumia mtendaji mmoja: "Once the truck arrived, we unloaded the bags, weighed them and gave the driver a receipt." Yanayokufaa hapa ni "once", "after", "before", "by the time", "while" na "until". "By the time" watu wengi hawaitumii, na inaokoa maneno mengi: "By the time the second truck arrived, the store was full." Jaribu kuliandika hilo kwa "and then" uone.

Sasa nirudi kwenye vile vitu visivyo kwenye orodha. Sentensi ya Kiingereza husomeka kwa urahisi inapoanza na jambo ambalo msomaji ameshalijua na kumalizia na jambo jipya. Jipya hilo linakuwa la kale katika sentensi inayofuata, na mambo yanakwenda hivyo. Njia nyepesi kuliko zote ni "this" ikifuatwa na nomino inayotaja upya ulichokwisha kusema:

"The trucks waited two days in Tandahimba. This delay cost us the Friday shipment."

Hakuna "therefore" wala "consequently", lakini msomaji hana pa kupotelea. "Delay" imezikusanya zile siku mbili ikazipa jina. Jizoeze nomino za kazi hii: "delay", "increase", "drop", "problem", "decision", "change", "figure", "step", "shortage". Ila "this" isiachwe peke yake bila nomino pale ulipotaja mambo mawili au matatu. "It rained and the trucks were late. This caused losses." Hiyo "this" ni ipi, mvua au kuchelewa? Kampuni ya bima itakuuliza swali hilohilo.

Kuna maneno machache yanayofanana yakatuchanganya. "On the other hand" inaleta upande wa pili wa jambo, na pande zote mbili ni kweli. "On the contrary" inakanusha moja kwa moja kilichosemwa: "The road is not closed. On the contrary, trucks are passing every hour." Usiseme "on the other side" ukimaanisha "kwa upande mwingine", labda kama unaelekeza mtu ng'ambo ya barabara. "Whereas" inalinganisha vitu viwili ndani ya sentensi moja: "Kilwa Kisiwani is an island, whereas Kilwa Masoko is on the mainland." "At last" maana yake ni baada ya kungoja sana, na ina harufu ya kushusha pumzi, "lastly" ni jambo la mwisho katika orodha, "at least" ni angalau. Ukimwandikia mnunuzi "At last, please find the invoice attached", umemwambia ankara yako ilimchosha kuisubiri. Usemi kamili ni "last but not least". Ile "lastly but not least" ya insha za sekondari haipo. Na "according to me" iache kabisa, kwa sababu "according to" hutumika kwa chanzo kingine, mtu au waraka. Kwa maoni yako mwenyewe andika "in my view", au "I think" tu.

Na kwa kuwa unaandika barua pepe za ofisi: "Kindly refer to the heading above" ni mtindo wa barua zetu, ile ya "husika na kichwa cha habari hapo juu". Mnunuzi ameshakiona kichwa. Anza na kiungo cha kweli, yaani jambo la mwisho mliloongea: "Further to our call on Monday, ..." au "As agreed on Monday, ..." Hapo umeshamuunganisha na mazungumzo yenu kabla hujafika sentensi ya pili.

Tuje kwenye simu.

Anayesikiliza hawezi kurudi nyuma asome tena, kwa hiyo anahitaji vibao vya njia vingi zaidi kuliko msomaji, ila viwe vyepesi. "Moreover" na "furthermore" kwenye simu zinasikika kama mtu anasoma tangazo la serikali. Badala yake tumia "also", "and another thing", "on top of that". "Therefore" iwe "so". "Nevertheless" iwe "but still" au "even so". "Regarding" inaweza kuwa "about": "About the moisture, we tested again this morning." Sentensi hiyo ni ya thamani kwenye simu, kwa sababu inataja mada kwanza, kisha habari. Mkikatikiwa na mtandao katikati, mwenzako bado anajua mlikuwa kwenye unyevu.

Vibao vinavyotosha kwa simu nzima ya kazi ni vichache. Kufungua: "I have two things. First, the trucks." Sema idadi mwanzoni, msikilizaji ataanza kuhesabu na hatakukatiza. Kuhama mada: "That's the trucks. Now, the payment." Kurudi pale mlipoachia: "Going back to the moisture..." Kufafanua: "What I mean is..." Kueleza tatizo bila kuzunguka: "The thing is..." Kufunga kwa makubaliano: "So, you'll send the new contract, and we'll load on Thursday. Is that right?" Hii ya mwisho usiiruke hata siku moja. Mambo mengi yanayovurugika baada ya simu yanavurugika kwa kuwa hakuna aliyeyarudia.

Unasema hakuna muda wa kuchagua neno. Muda upo, tatizo ni mahali unapousimamisha. Wengi wetu tunasema "We stopped loading because..." halafu kimya, "eeh...", halafu tunatafuta. Simama kabla ya kiunganishi: "We stopped loading." Pumzi. "Because the bags were wet." Kimya kilichokuja baada ya sentensi iliyokamilika kinasikika kama utulivu, kimya kilichokuja baada ya "because" kinasikika kama kukwama. Chunga pia "so". Tumeizoea hata tunapoongea Kiswahili, "so nikamwambia", "so akaja", mpaka haina maana tena. Ukiitumia kwenye kila sentensi ya Kiingereza, siku utakayohitaji kutaja matokeo ya kweli haitasikika.

Halafu mkazo. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo tunahama nayo. Kwa "however" na "moreover" tuna bahati, mkazo unaangukia palepale. Lakini "consequently" inakazwa silabi ya kwanza, si ya tatu. "Therefore" nayo ni silabi mbili tu, ya kwanza ndiyo nzito, na ile "e" ya mwisho haitamkwi. "Although" na "despite" zinakazwa mwisho, vivyo hivyo "nevertheless". Ukikosea hapo neno halieleweki haraka, na kibao kisichoeleweka haraka ni afadhali kisingekuwepo.

Mazoezi: jirekodi kwa simu dakika mbili ukieleza kilichotokea ghalani siku hiyo. Sikiliza, hesabu "and then" na "so". Rekodi tena jambo lilelile ukiwa umejiwekea mpaka, kila moja isizidi mara mbili. Kwa upande wa kuandika, chukua tahariri moja ya Daily News au The Citizen, pigia mstari kila neno la kuunganisha, na pembeni andika uhusiano kwa Kiswahili. Utashangaa ni sentensi ngapi zinaanza bila neno lolote, na bado hukupotea. Hizo ndizo za kuzichunguza: tafuta ni nomino gani imerudiwa, au "this" gani imeshika kamba. Tahariri moja kwa wiki inatosha.

Kuhusu "But" mwanzoni mwa sentensi: inaruhusiwa, na waandishi wazuri wa Kiingereza huitumia. Katazo hilo ni la darasani, lilikusudiwa kuwazuia wanafunzi wasiandike vipande visivyokamilika. Kwenye ripoti yako ya Ijumaa "But" moja mwanzoni mwa sentensi fupi ina nguvu kuliko "However", na haihitaji mkato baada yake: "The buyer accepted the price. But he wants the moisture tested again." Kwenye barua ya maombi ya kazi, au kwa mwalimu unayejua anaichukia, weka "However" na mkato wake. "And" nayo inaruhusiwa, ila usiianzishie sentensi zaidi ya mara moja kwa ukurasa, bosi wako asije akadhani umerudi kwenye "and then".